Picha ya kaka yangu kwenye karata za wafungwa: tukubali au tukatae?

"Shikamoo mtaalamu. Kaka yangu aliuawa miaka 14 iliyopita. Alipigwa risasi usiku akirudi nyumbani, na mpaka leo hakuna aliyekamatwa. Baba husema siku za mwizi ni arobaini, sisi tumehesabu miaka. Mwezi uliopita mpelelezi mpya alitupigia simu akasema jalada limefunguliwa tena, na wanaomba ridhaa yetu wamweke kaka kwenye karata zitakazogawiwa magerezani, zenye picha za watu ambao wauaji wao hawajulikani, ili mfungwa mwenye habari ajitokeze. Mama amekataa katakata. Anasema hawezi kulala akijua wahalifu wanacheza karata na uso wa mwanawe. Mimi niko njia panda. Je, jambo hili linafanya kazi kweli? Kwa nini mfungwa aseme leo alichokificha miaka 14? Si watatunga uongo ili wapunguziwe vifungo? Na kama muuaji yumo humo humo gerezani, hatamdhuru atakayesema? Nijibu kwa uwazi, hata kama ni habari mbaya."

Marahaba, mwanangu, na poleni sana nyote. Nimefanya upelelezi wa mauaji kwa miaka 26, na 9 ya mwisho niliitumia kwenye majalada kama la kaka yako, yale tuliyoyaita kesi zilizolala. Nimekaa na wafungwa wengi nikisikiliza habari za watu waliokufa zamani. Nitakujibu kwa niliyoyaona, na mabaya yake sitayaficha.

Umeuliza mambo manne, lakini naona yote yanatoka kwenye hofu moja: je, haki ya kaka yako itundikwe kwenye ulimi wa mhalifu? Hapana, haitundikwi hapo, na mpelelezi anayejua kazi yake hataitundika hapo. Mfungwa anaombwa aonyeshe mlango tu. Kuufungua ni kazi ya wapelelezi, kwa vitu vitakavyosimama mahakamani hata kama mfungwa yule atakana maneno yake kesho asubuhi. Lishike hilo, maana nitalirudia.

Nianze na mama, kwa sababu uchungu wake ndio mzito kuliko yote uliyoandika. Karata yenyewe iko hivi: kwenye kona kuna namba na alama kama kawaida, kopa au shupaza, na katikati kuna picha ya marehemu, jina lake, tarehe na mahali alipokutwa, mistari miwili mitatu ya yaliyotokea, na chini kabisa namba ya simu ya kutoa taarifa. Je, wafungwa huzifanyia mzaha? Siku za mwanzo, ndiyo, wapo wanaofanya hivyo. Lakini nimeona pia kitu ambacho sikukitarajia. Gereza limejaa watu waliofiwa. Kuna mfungwa ambaye mdogo wake aliuawa na muuaji hakupatikana, na anapoishika karata anaangalia kwanza kama mdogo wake yumo. Nimepokea barua kutoka gerezani iliyoanza kwa swali, "Kwa nini ndugu yangu hamjamweka?" Mwambie mama hilo, ila usimwambie ili kumshinda kwenye ubishi. Mwambie ajue tu kwamba mikono itakayoshika picha ile haifanani yote.

Na kama neno "kucheza" ndilo linalomchoma, ipo njia nyingine. Uholanzi walichagua kalenda badala ya karata. Mwaka 2017 waliisambaza magerezani, kila wiki kesi moja, kwa lugha zaidi ya moja kwa sababu wafungwa wao wanatoka nchi nyingi. Kalenda inaning'inia ukutani, haichezewi. Muulizeni mpelelezi kama anaweza kumtoa kaka yenu kwenye karata akamweka kwenye kalenda au bango. Familia nyingi hazijui kwamba zinaruhusiwa kuuliza hivyo.

Sasa, linafanya kazi? Wazo la karata lilianza mwaka 2005 katika kaunti ya Polk, jimbo la Florida, Marekani. Mwaka 2007 pakiti 100,000 ziligawiwa kwenye magereza ya jimbo lote, na kesi 2 za mauaji zikatatuliwa baada ya wafungwa kuona picha na kuamua kusema. Majimbo mengine yakaiga. Connecticut ilianza mwaka 2010, karata zikauzwa kwenye duka la gereza. Australia nako zimetumika. Kwa hiyo ndiyo, kuna wauaji waliopatikana kwa njia hii. Lakini pakiti moja ina karata 52, na kwa kila uso ulioleta jibu kuna nyuso nyingi ambazo simu yake haikulia kabisa, au ililia kwa porojo. Mkikubali, kubalini mkijua kwamba kinachowezekana zaidi ni kimya. Nimeona familia zilizokaa na simu mkononi mwaka mzima zikingoja. Hilo nalo ni jeraha, na ni wajibu wa mpelelezi kuwaambia mapema.

Kwa nini karata, na si bango la kawaida? Bango la ukutani mtu hulisoma siku ya kwanza, siku ya tatu limeshakuwa sehemu ya ukuta. Karata inarudi. Inapita mkononi jioni hii, inapita tena kesho, na kila inapopita kuna watu watatu wengine wameizunguka. Siku moja mmoja wao anasema, "Huyu si yule aliyeuawa kule karibu na daraja?" Mwingine anajibu, "Aliyefanya hivyo alikuwa akijisifu nilipokuwa mahabusu." Mazungumzo hayo hakuna mpelelezi anayeweza kuyaanzisha. Akiingia yeye, kila mtu ananyamaza. Picha inayafanya yaanze bila yeye.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la miaka 14. Watu hudhani kesi ya zamani ni ngumu kwa sababu muda umepita. Kwa alama za vidole na kumbukumbu za mashahidi, kweli, muda ni adui. Kwa uaminifu wa watu, muda ni rafiki yetu. Usiku ule kaka yako alipouawa, huenda kulikuwa na watu watano waliojua au waliohisi nani amefanya: aliyeazimisha bunduki, aliyefua nguo, mpenzi aliyeambiwa asiulize, rafiki aliyeendesha gari. Wote walikuwa na sababu ya kunyamaza. Waliogopa, walilipwa, walipenda, walikuwa kundi moja. Miaka 14 baadaye mpenzi ameachwa kwa mwanamke mwingine. Kundi limesambaratika, na kiongozi wao amekufa. Rafiki ameokoka au ameingia dini kwa namna ya kweli kabisa na hawezi tena kuswali au kusali bila kuukumbuka ule usiku. Mwingine amepata mtoto wa kiume ambaye sasa ana umri wa kaka yako. Mwingine ni mgonjwa na hataki kufa nalo. Na wengi wa watu hawa, kwa maisha waliyoishi, wamepita gerezani au wamo humo sasa. Ndiyo maana mpelelezi anatupa wavu pale.

Ongeza na hili: wauaji husema. Watu wasiofanya kazi hii huona ajabu. Muuaji anasema kwa kujigamba ili aogopwe selo mpya, anasema kwa sababu amelewa, anasema usiku kwa mwenzake wa kitanda cha juu kwa sababu siri imemchosha. Kwa uzoefu wangu ni wachache sana waliokaa nayo peke yao mpaka mwisho.

Lakini wafungwa pia hutunga, na kuhusu hili nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wasio na hatia walipoumia.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Gerezani methali hiyo ni ya hatari. Mwaka 1988, mjini Los Angeles, mfungwa mmoja aliyezoea kuwatolea polisi taarifa aliwaonyesha maofisa namna alivyokuwa akifanya. Alipewa simu tu. Akapiga ofisi moja baada ya nyingine akijifanya askari au mtumishi wa mwendesha mashtaka, na kwa muda mfupi akakusanya habari za kutosha kuhusu kesi ya mtu asiyemjua ili aweze kudai, "Huyu alikiri mbele yangu." Simu chache tu, na ushahidi uko tayari. Baraza kuu la waamuzi la kaunti ya Los Angeles, yaani raia walioteuliwa kuchunguza, lililichunguza jambo hili, na ripoti yake ya mwaka 1990 ilieleza jinsi mashahidi wa selo walivyotumiwa miaka mingi bila kuchujwa. Nchini Kanada, mwaka 1992, mtu alitiwa hatiani kwa kumuua mtoto wa jirani, na miongoni mwa mashahidi walikuwamo wafungwa 2 waliodai wamesikia akikiri usiku. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba (DNA) vilithibitisha kwamba hakuhusika. Jaji Fred Kaufman aliongoza tume iliyotoa ripoti mwaka 1998, na sehemu kubwa ya ripoti hiyo inahusu ushahidi wa aina hii. Kila mpelelezi wa kesi zilizolala angepaswa kuisoma.

Mimi mwenyewe nimeshuhudia. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, mwenzetu alikwenda kumsikiliza mfungwa akiwa na hamu kubwa mno. Alimwekea picha tano za eneo la tukio mezani kabla ya kumuuliza lolote, kisha akauliza, "Alikuambia alitumia kisu, sivyo?" Baada ya hapo mfungwa alijua kila kitu. Tulipoteza miezi 8 tukimfuata mtu ambaye hakuwahi kuwa hata karibu na mahali pale, na mtu huyo alipoteza kazi yake kwa kuitwa kituoni mara tatu. Hakuna aliyemrudishia kazi. Bado nalifikiria jina lake.

Kwa hiyo dokezo huchujwaje? Swali la kwanza huwa wazi kabisa: "Niambie unachokijua." Halafu mpelelezi ananyamaza. Haonyeshi picha za tukio, hataji silaha, hamalizii sentensi za mfungwa. Kila neno linarekodiwa tangu mwanzo, ili wakili wa mshtakiwa aweze siku moja kusikia nani alitaja nini kwanza. Kisha maneno yale yanalinganishwa na mambo ambayo polisi waliyaficha makusudi tangu siku ya tukio. Kila kesi ya mauaji inayosimamiwa vizuri ina mambo mawili matatu ya namna hiyo ambayo hayajawahi kutangazwa: mlango upi ulifunguliwa, kitu gani kilichukuliwa, mwili ulilala upande gani. Mfungwa akiyataja bila kupewa, tunakaa wima.

Na hata hapo kazi haijaisha. Nikupe mfano mmoja, nikiwa nimeondoa yote yanayoweza kumtambulisha mtu. Mfungwa mwenye mvi aliomba kuniona. Niliiweka karata mezani, sikusema neno. Aliigusa kwa kidole, akaisukuma pembeni kidogo, akasema, "Huyu alikuwa na kiatu kimoja." Kwenye karata hapakuwa na habari ya kiatu. Kwenye magazeti ya wakati ule haikuwamo. Moyo ulinidunda, na nikajilazimisha nisibadilike uso. Nilirudi ofisini nikatafuta kila karatasi iliyotaja kiatu. Kilikuwa kwenye ripoti ya daktari na kwenye daftari la askari wa kwanza kufika, basi. Nikauliza kama kuna mtu yeyote aliwahi kushtakiwa kwa kesi ile, akapewa nakala za ushahidi na kwenda nazo selo, maana nakala hizo husomwa na wenzake na hapo ndipo siri nyingi huvuja. Hakuna. Basi alijuaje? Ilichukua mazungumzo matatu. Hakuwa muuaji, na wala hakumjua muuaji. Enzi hizo alikuwa kibaka, aliukuta mwili kabla ya polisi, akachukua simu ya marehemu akakimbia. Miaka yote aliogopa kwamba simu ile ingempeleka kwenye kesi ya mauaji. Lakini aliikumbuka saa, kwa sababu alipokimbia alipishana na wafanyakazi wa zamu ya usiku wakiingia kiwandani. Saa hiyo ilikuwa saa 3 nzima kabla ya ile tuliyokuwa tumeikadiria. Na mtu mmoja tuliyekuwa tumemwondoa kwenye orodha kwa sababu alikuwa na mashahidi wa usiku ule, ghafla hakuwa na shahidi hata mmoja.

Unaona jinsi ilivyokuwa? Mzee yule hakutupatia muuaji. Alitupatia saa ya tukio. Saa tuliweza kuihakiki kwa daftari la kiwanda bila kumtegemea yeye, na mahakamani hakuitwa hata kidogo. Dokezo zuri ndivyo linavyofanya: linakuelekeza kwenye kitu, halafu lenyewe linaondoka. Likibaki peke yake, bila kielelezo, bila kumbukumbu za simu, bila shahidi mwingine asiyefungwa, mimi nisingempeleka mtu mahakamani kwa hilo, na ningekushauri wewe usiliamini hata kama moyo wako unalitamani.

Kuhusu malipo, kuna imani mbili potofu. Ya kwanza ni kwamba polisi wanaweza kumfungulia mtu lango kwa sababu amesema. Polisi hawana mamlaka hayo. Palipo na utaratibu wa kupunguza kifungo, mwendesha mashtaka ndiye anayeomba na jaji ndiye anayeamua, na kwa kawaida ni baada ya taarifa kuthibitika. Ya pili ni kwamba mapatano haya ni ya siri. Yakiwa siri ni kosa. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa kesi ya Giglio mwaka 1972, ahadi yoyote aliyopewa shahidi lazima mshtakiwa aelezwe. Na wapo wengi wanaosema bila kuomba chochote. Wengine huomba kitu kidogo mno: kuhamishiwa gereza lililo karibu na mama yake mgonjwa, au barua tu ya kuonyesha kwamba alisaidia. Ila kuna ukweli mmoja mchungu ambao ni lazima niuseme. Ikiwa kaka yako aliuawa na zaidi ya mtu mmoja, huenda siku moja mwendesha mashtaka akaja nyumbani kwenu kusema kwamba mmoja wao, aliyeendesha gari tuseme, yuko tayari kutoa ushahidi dhidi ya aliyevuta bunduki, na kwa hiyo atapata adhabu ndogo. Familia nyingi huvunjika moyo siku hiyo. Zungumzeni sasa, wewe na wazazi, kama mngelikubali hilo. Ni bora ubishi huo uwe mezani kwenu leo kuliko kwenye ukumbi wa mahakama.

Kuhusu usalama wa atakayesema, hofu yako ni ya haki. Gerezani kumchoma mwenzako, yaani kumtaja kwa polisi, kunaweza kumgharimu mtu maisha, na hata nyapara hawezi kumlinda. Ndiyo maana namba ya simu kwenye karata inapaswa kuwa ile ambayo mazungumzo yake hayasikilizwi na gereza na mpigaji hatakiwi kutaja jina. Mpelelezi haji kumwita mtu mbele ya wenzake. Mfungwa anaitwa pamoja na wengine kwa jambo la kawaida, zahanati au mahakama, na mpelelezi anakutana naye huko. Akihitaji kuhamishwa, anahamishwa kwa sababu inayofanana na zile za kila wiki. Hatumtumi arudi selo kuchimba zaidi. Sababu ya kwanza ni uhai wake. Sababu ya pili ni ya kisheria, na nchi nyingi zina namna yake ya kuieleza. Marekani, kwa mfano, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1964 katika kesi ya Massiah kwamba mtu akishashtakiwa na ana wakili, serikali haiwezi kumchokonoa kwa siri ili ajifunge kwa maneno yake. Mwaka 1980, katika kesi ya Henry, ikasema hivyo hivyo kuhusu mfungwa anayetumiwa na serikali, na mwaka 1986, katika kesi ya Kuhlmann, ikaeleza kwamba mfungwa aliyesikia tu bila kuchokoza hajavunja kanuni hiyo. Kwa lugha ya nyumbani: sikio linaruhusiwa, mdomo una mipaka. Katika kesi ya kaka yako bado hakuna aliyeshtakiwa, lakini siku akishtakiwa mtu, mpaka huu unaweza kuamua kama ushahidi utabaki au utatupwa.

Na muuaji mwenyewe akiiona karata? Mara nyingine ndilo jambo tunalolitaka. Nimewahi kuambiwa na askari magereza kwamba mtu fulani kila akipewa pakiti anaitoa karata moja na kuichana. Hiyo haithibitishi lolote mahakamani, lakini nilijua wapi pa kuanza kuangalia.

Sasa twende kwenye uamuzi wenu. Kabla ya ndiyo au hapana, nenda ukaonane na mpelelezi ana kwa ana, usiridhike na simu. Swali lako la kwanza lisiwe la karata. Muulize: vielelezo viko wapi? Maganda ya risasi, nguo za kaka, chochote kilichookotwa usiku ule, bado vimehifadhiwa? Vimewahi kupimwa upya tangu wakati ule? Vipimo vya vinasaba vya leo vinahitaji chembe ndogo sana ukilinganisha na vya miaka 14 iliyopita, na ganda la risasi linaweza kulinganishwa na bunduki iliyokamatwa kwa kosa jingine kabisa. Dokezo bila kielelezo cha kulipima ni kama ufunguo bila kufuli. Kama atakwambia vielelezo vimepotea, usifunge mlango, lakini ujue uzito wa karata umepungua sana, na una haki ya kuomba maelezo kwa maandishi. Muulize pia nani atapokea simu zitakazoingia, na kama zitasikilizwa siku hiyo hiyo au zitalundikwa. Nimeona madokezo mazuri yakifia kwenye droo.

Kisha kuna mambo ambayo wewe unaweza kuyaharibu bila kukusudia. Usiandike mtandaoni habari za namna kaka alivyokutwa, hata kwa nia ya kuomba msaada. Kila unaloliandika linaacha kuwa siri ya muuaji, na mpelelezi anapoteza kipimo chake. Waombe na ndugu wengine wafanye hivyo, hasa yule anayeweka kumbukumbu kila mwaka. Pia, karata zikishatoka, kuna uwezekano mkubwa mtapigiwa simu au kuandikiwa na mtu anayedai yuko gerezani na anajua kila kitu, ila atumiwe pesa kidogo kwanza. Msitume. Msibishane naye, msimuulize maswali, kwa sababu maswali yenu yatamfundisha. Andikeni namba na saa, mwambieni jalada lina mpelelezi, kateni simu. Ikija barua, ishikeni kwa pembe, itieni kwenye bahasha nyingine pamoja na bahasha yake, ipelekeni kituoni siku hiyo hiyo bila kuijibu. Na wewe binafsi usiende gerezani kumtafuta mtu. Najua inavyovuta. Alikwenda baba mmoja niliyemheshimu sana, na ushahidi uliopatikana baadaye ulishambuliwa mahakamani kwa kuwa yeye alikuwa ameshamwambia shahidi mambo yote.

Kama mpelelezi hapokei simu zako kwa wiki kadhaa, au kama mtaambiwa kuna mtuhumiwa na kuna mazungumzo ya kupunguza adhabu, hapo mtafute wakili, au shirika linalosaidia familia za waliouawa, akae nanyi kwenye vikao. Na kwa mama: kufunguliwa kwa jalada kunarudisha usiku ule wote. Akianza kukosa usingizi mfululizo, kuacha kula, au kusema hana sababu ya kuendelea kuishi, usisubiri karata wala kesi. Mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha wiki hiyo hiyo, na uende naye.

Ushauri wangu mimi? Kama vielelezo vipo, ningekubali. Ningekubali kwa sababu miaka 14 ndiyo umri ambao nimeona midomo ikilegea, na kwa sababu anayejua bado yuko hai leo na huenda miaka 10 ijayo hatakuwapo. Lakini nisingekubali bila mama. Ridhaa iliyoporwa nyumbani huacha ufa ambao hata hukumu haiuzibi.

Mkifika hapo, mwachie mama kazi ya kuchagua picha. Familia nyingi hutoa picha ya harusi, suti na tai, na wafungwa hawamtambui mtu. Inayofaa ni ile inayoonyesha kaka alivyokuwa akionekana mtaani mwaka ule: kofia yake, nywele zake, koti alilolivaa kila siku. Na kama alikuwa na lakabu, iandikwe. Kuna watu gerezani ambao hawajawahi kulisikia jina lake la ubatizo au la shuleni, lakini lakabu wataikumbuka mara moja. Mpeni mpelelezi picha mbili, achague moja, na muombe awaonyeshe karata kabla haijachapwa. Mama akihitaji mwezi wa kufikiri, mpelelezi anaweza kungoja mwezi. Na mama akisema hapana mpaka mwisho, mpigie mpelelezi umwambie hivyo hivyo bila kuona haya. Jalada halifungwi kwa sababu familia imekataa karata, na swali la vielelezo bado linabaki lako kuliuliza.